TV ina tundu moja zima la HDMI, vifaa viko vinne: dada wa Morogoro anauliza anunue swichi gani

SWALI: Habari fundi. Nipo Morogoro. TV yangu ni inchi 43, ina matundu mawili ya HDMI ila moja limekufa. Nina king'amuzi cha Azam, king'amuzi cha DStv, PS4 ya watoto na laptopu ambayo jioni nawawekea watoto vipindi vya masomo. Kila siku ni kuchomoa na kuchomeka. Nikaenda dukani nikaomba kitu cha kuchomekea HDMI nyingi, nikapewa kiboksi cha matundu matano, nimechomeka vyote vinne, TV inasema hakuna signali. Duka wamekataa kukirudisha. Sasa nataka ninunue kingine, nimeona vya elfu kumi na mbili na vya elfu tisini, vyote vimeandikwa 4K. Nichukue kipi? Hakitaharibu picha? Na naogopa hili tundu lililobaki nalo lisife.

JIBU: Dada yangu, pole sana, na hicho kiboksi usikitupe maana inawezekana kabisa ni kizima, ila umeuziwa kitu cha kazi nyingine. Kichukue sasa hivi ukigeuze uangalie maandishi madogo kwenye matundu. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani utakuta tundu moja limeandikwa IN na manne yameandikwa OUT. Hiyo ni spilita. Spilita inachukua king'amuzi kimoja inapeleka picha ile ile kwenye TV nne, sebuleni, chumbani, jikoni, popote. We unachotaka ni kinyume chake, vifaa vinne viingie TV moja, na hicho kinaitwa swichi, na chenyewe matundu manne yanaandikwa IN na moja ndo OUT. Huku mtaani watu wengi wanaita vyote viwili spilita, muuzaji anasikia spilita anakupa spilita, na kweli kwa macho vinafanana kabisa. Kwahiyo ukienda tena dukani usitaje jina, sema hivi: nataka vifaa vinne viingie, TV moja itoke. Alafu soma IN na OUT mwenyewe kabla hujatoa hela.

Swichi ifikirie kama daraja la njia moja lenye trafiki. Barabara nne zinafika hapo, trafiki anaruhusu moja ipite, tatu zinasubiri. Haichanganyi picha. Nasema hivi kwasababu kuna mwingine atasoma hapa ana kibanda umiza anataka mechi mbili zionekane kwa pamoja kwenye kioo kimoja, huyo swichi haitamsaidia, anahitaji mashine ya kugawa kioo vipande, na hiyo bei yake ni nyingine na kwa geimu haifai sana maana inachelewesha picha kidogo kwa kuichakata. Swichi ya kawaida haichakati kitu, inapitisha tu, watoto wakibonyeza pedi mchezaji anapiga mpira papo hapo.

Kabla hujanunua chochote kuna vitu viwili vya bure ujaribu. Hilo tundu ulilosema limekufa, una uhakika limekufa? Chomoa TV ukutani kabisa, sio kuzima kwa rimoti, iache kama dakika kumi, alafu ujaribu tundu hilo kwa waya mwingine na kifaa kingine. Nimeshakuta TV nyingi zimehukumiwa kifo kumbe tatizo ni waya. Mulika na tochi ya simu ndani ya tundu uone vile vipini kama kuna kilichopinda. Kitu cha pili, angalia nyuma ya ving'amuzi vyako kama kimojawapo kina yale matundu ya rangi, njano nyeupe nyekundu. Kama kipo na TV yako ina AV, basi kile ambacho mnakiangalia kwa taarifa ya habari tu kipeleke huko. Picha itafifia kidogo maana AV haibebi HD, ila utakuwa umebaki na vifaa vitatu na swichi ya matundu matatu inatosha. Kama ving'amuzi vyote mnaviangalia kwa mpira basi usihangaike na AV, mpira kwa AV namba za jezi hazisomeki vizuri.

Sasa tuje kwenye hilo neno 4K, yaani picha yenye vidoti mara nne ya ile HD kamili ya 1080, maana hapo ndo hela za watu zinapotea. 4K kuandikwa kwenye boksi peke yake haimaanishi kitu, unatakiwa uulize 4K ya ngapi. Kuna 4K ya picha 30 kwa sekunde na kuna ya picha 60 kwa sekunde, na tofauti yake ni kubwa. HDMI ina matoleo, na kila toleo lina kiasi cha data linachopitisha: HDMI 1.4 iliyotoka 2009 inapitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, hiyo 4K yake kamili inaishia 30. HDMI 2.0 ya 2013 inapitisha gigabiti 18, hiyo ndo inafika 60. Alafu ikaja 2.1 mwaka 2017, gigabiti 48, hiyo ni ya wenye PS5 na TV inayopokea 4K kwa 120. Kuna ujanja mwingine tena, swichi inaandikwa 4K 60 alafu mbele kwa herufi ndogo wanaweka 4:2:0, maana yake wamepunguza taarifa za rangi ili picha ipenye kwenye njia nyembamba. Kwa filamu hutaona sana, ila ukiweka laptopu maandishi, hasa mekundu na ya bluu, yanakuwa na ukungu pembeni. Unayotaka isome 4:4:4, yaani rangi kamili, au iandikwe gigabiti 18.

Lakini we dada hayo yote hayakuhusu sana, na ndo maana nataka uanze na vifaa vyako kabla ya boksi la dukani. PS4 ya kawaida na ile nyembamba mwisho wake ni 1080 kwa 60, haitoi 4K hata uifanyeje, ni ile Pro peke yake ndo inatoa. Ving'amuzi vya HD vinavyotumika huku majumbani navyo vinaishia 1080. Laptopu ya vipindi vya masomo ukiiweka 1080 inatosha kabisa. Kwahiyo hata swichi ya kiwango cha 1.4 inabeba mizigo yako yote na nafasi inabaki, na picha haitapungua hata kidogo, maana picha ya HDMI inasafiri kama namba (dijitali), inafika yote au inakatika, haififii kama zamani kwenye AV. Ukiona picha ina vidoti vyeupe vinametameta kama chenga, au inazima sekunde mbili inarudi, basi namba hazifiki zote, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni waya, wa pili ni umeme wa swichi.

Huo umeme wa swichi ndo kitu ambacho ningekuomba ukizingatie kuliko vyote. Hizi swichi za elfu kumi na mbili nyingi hazina adapta. Zinaishi kwa kuibia umeme kwenye waya wa HDMI wenyewe. Ndani ya HDMI kuna vipini 19, cha 18 kinabeba volti 5 kutoka kwenye kifaa, na kanuni inadai kifaa kitoe angalau miliampia 55 tu. Linganisha na chaja ya simu ya kawaida inayotoa miliampia 1000 na zaidi. Sasa hapo kuna king'amuzi kinatoa kile kidogo kidogo cha kanuni, waya ni mrefu, swichi nayo inataka kula, TV nayo inasubiri kusikia ile volti 5 ndo ijue kuna kifaa. Matokeo yake PS4 inafanya kazi vizuri, laptopu vizuri, king'amuzi kinagoma, mtu anarudi dukani anasema king'amuzi changu kina shida, kumbe swichi ina njaa. Kwahiyo chukua yenye tundu la kuingiza volti 5, iwe ya adapta au ya USB. Ya USB mi naipenda zaidi, unaichomeka kwenye USB ya TV, ukiwasha TV swichi inawaka, ukizima inazima, hakuna adapta ya kuongeza kwenye ekstensheni ambayo tayari imejaa. Swichi ya namna hii haili umeme mwingi, USB ya TV kawaida inaimudu.

Tuje kwenye kufuli. Ving'amuzi vinatoa picha iliyofungwa kwa kitu kinaitwa HDCP, ni kufuli la kuzuia watu wasinakili. King'amuzi kinaiuliza TV, unao ufunguo? TV inajibu ninao, ndo picha inatoka. Swichi ikikaa katikati lazima ijue kupitisha hayo maswali na majibu, ikishindwa unapata kioo cheusi au maandishi ya HDCP wakati sauti labda unaisikia. Kwa HD kufuli la HDCP 1.4 linatosha, kwa 4K lazima boksi liseme HDCP 2.2. Swichi ambayo haijataja HDCP popote mi huwa siigusi. Na PS4 ikikusumbua hapo kuna mlango, unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, unazima HDCP, geimu zitaonekana, ila zile programu za filamu hazitafunguka mpaka uiwashe tena.

Pia kuna salamu ya pili, TV inajitambulisha kwa vifaa kwamba mi napokea ukubwa huu na sauti hii. Swichi mbovu inaichanganya hiyo salamu, utakuta king'amuzi kimeshuka chenyewe mpaka 720 au sauti haipo kabisa. Dawa yake sio kununua nyingine haraka, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi utoe kwenye otomatiki uweke mwenyewe 1080, na sauti uweke PCM, yaani sauti ya kawaida isiyobanwa. Mara nyingi inakaa. Na ukihama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine kioo kitakuwa cheusi sekunde mbili tatu, usishtuke, ndo wanasalimiana hapo.

Swali ambalo hukuuliza ila litakuuma baadae: inahama yenyewe au kwa kubonyeza? Swichi nyingi zinahama zenyewe, ukiwasha PS4 inaruka kwenye PS4. Tamu kusikia. Shida ni kwamba ving'amuzi vingi ukivizima kwa rimoti havizimi kweli, vinabaki na ile volti 5 kwenye waya, swichi inadhani bado vipo hewani. Unaangalia tamthilia, king'amuzi cha pili kinajiamsha usiku kusasisha programu yake, picha inaruka kwenda huko. Kwa nyumba yenye ving'amuzi viwili kama yako chukua yenye kitufe na rimoti, na kama ina kuhama yenyewe basi iwe na uwezo wa kuizima hiyo tabia. Rimoti yake ni ndogo kama kadi, usiipe watoto, na ijaribu palepale dukani kama haiingiliani na rimoti nyingine. Nimewahi kuifunga swichi moja kwa mteja, kila akiongeza sauti ya TV swichi inahama king'amuzi, mpaka tukabandika gundi ya karatasi nyeusi kwenye kile kijicho chake akawa anabonyeza kwa mkono.

Kama mna sabufa au spika ndefu iliyoungwa kwa HDMI ya TV, soma lile tundu zima lililobaki, kama limeandikwa ARC hilo ndo linatoa sauti kurudi kwenye spika, na ukilijaza swichi sauti ya spika inakosa njia kwasababu swichi nyingi hazirudishi sauti nyuma. Hapo utatumia njia nyingine ya sauti ya TV, ile ya mwanga au ya tundu la hedifoni. Kama sabufa yenu ni ya zile nyaya nyekundu na nyeupe basi hili halikuhusu.

Sasa hofu yako ya tundu kufa. Dada hiyo hofu ni ya kweli na nafurahi umeiuliza, maana naona TV nyingi sana zinazokuja na tundu la HDMI limeungua na fundi aliyepita kasema imechoka tu. Haijachoka. Umeshawahi kugusa chuma cha nyuma ya king'amuzi au laptopu inayochaji ukahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole? Huo ni umeme unaovuja kidogo kidogo kutoka kwenye adapta za miguu miwili zisizo na waya wa ardhi, ukipima kwa mita unaweza kukuta volti karibu mia. Nguvu yake ni ndogo haikuui, lakini ile chipu ya HDMI ndani ya TV imezoea volti 5. Sasa mtoto anachomeka waya huku kila kitu kinawaka, anaupenyeza upande upande, kipini cha signali kinagusa kabla ya chuma cha nje, cheche moja ndogo, kwisha. Kila siku mara nne kwa mwaka mzima, lazima siku moja itokee.

Swichi inakusaidia hapa kuliko mahali popote, kwasababu waya wa TV unauchomeka mara moja unausahau, na kama kuna kitu cha kuungua cha kwanza mbele ni swichi ya elfu kadhaa sio bodi ya TV. Ila sio kinga ya asilimia mia, radi haiheshimu swichi. Dishi lipo juu ya bati, ni chuma, waya wake unashuka moja kwa moja mpaka kwenye mwili wa king'amuzi, kutoka hapo HDMI mpaka TV. Radi ikipiga hata nyumba ya tatu inaweza kuingia kwa njia hiyo hiyo, na huko kwenu chini ya Uluguru wakati wa masika unajua hali ilivyo. Ukiona wingu limeanza kunguruma chomoa na waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kuchomoa umeme peke yake hakutoshi.

Nyaya usizidharau. Hesabu urefu wote, wa kifaa mpaka swichi jumlisha na wa swichi mpaka TV. Mita moja moja au moja na nusu kila upande kwa 1080 hutapata shida yoyote. Watu wananunua swichi nzuri wanaweka waya wa mita kumi wa bei chee alafu wanalaumu swichi. Na hata ile laptopu, kama tundu lake ni lile dogo la USB C sio HDMI, itahitaji kigeuzi chake kabla ya kufika kwenye swichi, swichi haigeuzi kitu.

Kwahiyo kati ya ile ya elfu kumi na mbili na ya elfu tisini mi nisingekupeleka kwenye yoyote kwa bei yake. Tafuta ya IN tano OUT moja, sio nne, maana vifaa vinaongezeka na tundu moja huwa linakufa au linakuwa na mushkeli, iwe inaingiza umeme wa volti 5, imeandikwa HDCP, ina kitufe na rimoti. Kama unaona ndani ya miaka miwili mitatu watoto watahamia PS5 au utanunua kiboksi cha 4K basi ongeza hela upate ya gigabiti 18, hapo utakuwa umelipa mara moja. Ya gigabiti 48 achana nayo, TV yako ingekuwa ya picha 120 kwa sekunde ungekuwa unajua.

Nenda nayo laptopu na king'amuzi kimoja dukani. Najua ni mzigo, beba. Muombe muuzaji akuunganishie kwenye TV yake, hama kutoka moja kwenda nyingine mara kumi, sio mara moja, alafu zima king'amuzi ukiwashe tena uone kama picha inarudi bila kuchomoa waya. King'amuzi bila dishi kitaonyesha menyu yake tu, inatosha kwa kipimo hicho. Muulize pia kabla ya kulipa, ikigoma nyumbani anairudisha ndani ya siku ngapi, na akuandikie kwenye risiti.

Ukifika nyumbani zima ekstensheni nzima kwanza. Chomeka waya wa TV kwenye OUT, alafu vifaa vyote kwenye IN huku kila kitu kimezimwa, alafu USB ya swichi. Bandika karatasi, moja Azam, mbili DStv, tatu PS4, nne laptopu, ili bibi akija asihitaji kumuita mtu. Washa TV, subiri ikae sawa, alafu washa vifaa kimoja kimoja, ukihamia kwenye kila kimoja ukague picha na sauti kabla hujawasha kinachofuata. Kikigoma kimoja badilisha waya wake na wa kile kinachofanya kazi, tatizo likihama na waya basi ni waya, likibaki pale pale hamishia kifaa hicho kwenye tundu lingine la swichi, kikikubali huko basi lile tundu la swichi ndo bovu, rudi na swichi dukani na risiti yako siku hiyo hiyo.